Mwacheni Hasheem Thabeet

Kila ikitajwa drafti ya NBA ya 2009, lazima mtu acheke: Memphis walimchukua Thabeet namba 2, wakamwacha Harden namba 3 na Curry namba 7! Haya, mmecheka. Kwani Hasheem ndiye aliyejichagua?

Huyu ni kijana wa Dar, futi 7 na inchi 3. Chuo kikuu cha Connecticut alikuwa anapangua mipira zaidi ya 4 kwa mechi msimu wake wa mwisho, na 2008 na 2009 akatangazwa mlinzi bora wa Big East. Hiyo si bahati, wazee.

Kilichombadilikia ni sheria. Kule chuo unaruhusiwa kusimama chini ya kikapu kama askari wa geti. NBA, ukikaa pale sekunde 3 bila mtu wa kumkaba, ni kosa. Lazima utoke, ufukuzane na watu wepesi. Hilo mtu hufundishwa, tena kwa muda. Memphis muda hawakuwa nao: Februari 2010, msimu wa kwanza haujaisha, wakamshusha ligi ndogo. Mwaka uliofuata wakampeleka Houston. Halafu Portland, Oklahoma City, basi.

Na tusijifanye hatuwajui hao Memphis. Hata kwenye mpira wetu wa miguu, Kau mpaka Garsen, beki akiokoa bao hakuna anayetoa simu. Akiteleza mara moja, klipu inazunguka wiki nzima.

Mtanzania wa kwanza NBA, mechi zaidi ya 200. Wewe unayemcheka, umecheza ngapi?