Nyumba Ikitiwa Moto na Mwenye Kulala Ndani

Kutia moto kwa makusudi huhesabiwa kuwa kosa la wanaume, na hesabu hiyo haiko mbali na ukweli. Nchini Sweden wataalamu waliwachunguza watu waliohukumiwa kwa kosa hilo baina ya mwaka 1988 na 2000, wakapata wanaume 1,340 na wanawake 349. Hao wachache ndio tunaotaka kuwazungumza.

Walilinganishwa na raia wa kawaida. Kwa wanaume, uwezekano wa kuwa na maradhi ya akili yaitwayo skizofrenia ulikuwa kiasi cha mara 22 zaidi. Kwa wanawake, mara 38. Isifahamike kwamba kila mgonjwa ni mtia moto, kwani walio wengi hawana dhara kwa yeyote. Lakini mwanamke akifikia hapo, mara nyingi ugonjwa umekwisha kutangulia. Tafiti nyingine zimewakuta wengi wao na huzuni ya muda mrefu, historia ya kujidhuru, na utoto wa kudhulumiwa. Tena mwanamume huelekea zaidi kuchoma cha mwenziwe. Mwanamke huwa karibu zaidi na kuchoma pale pale anapolala, godoro lake na chumba chake.

Na sisi tunalo la kwetu. Septemba 2017 bweni la Moi Girls, Nairobi, liliungua wakafa wasichana 10. Aliyetiwa hatiani alikuwa mwanafunzi mwenzao, wa miaka 14 wakati ule. Ilielezwa mahakamani kwamba alitaka kuhama shule. Mwaka 2022 akafungwa miaka 5. Hatusemi alikuwa mgonjwa, wala kosa halipungui: familia 10 zilizika mabinti. Twajiuliza tu ni nani aliyemsikiliza kabla.

Mafakihi wamesema majinuni hana taklifu, ingawa mali aliyoiharibu hulipwa. Basi sheria yetu yenyewe inatutaka tuitazame akili kabla ya mkono.

Hapa pwani binti akisema "nitaitia nyumba hii moto", ama huchekwa, ama hupigwa, ama hupelekwa kupungwa pepo. Kisomo hatukikatazi, lakini hakizuii kwenda hospitali. Aulizwe kwanza ni nani anayemuumiza. Ikiwa ni mtu wa nyumba hiyo hiyo, asirudishwe humo usiku huo. Na wa kumuuliza awe mwanamke anayemwamini, si sisi na vilemba vyetu.