Kilo saba, na mizani inayochagua watu

Wadau, nimerudi. Najua nimeadimika, miezi miwili bila kuandika hata mstari, na wengine mmeshaanza kunitumia ujumbe mkiuliza kama nimeolewa huko Kilwa. Sijaolewa jamani. Nilikuwa nahojiana na wavuvi wa Kilwa Kivinje kwa ajili ya tasnifu, sasa niko tena bwenini hapa Leipzig, baridi imenipokea kama kawaida yake. Kabla sijaanza kulia kuhusu takwimu, ngoja niwape la uwanja wa ndege, maana limenikaa rohoni tangu Jumamosi.

Ni habari ya mzigo wa mkononi. Zile kilo saba.

Basi bwana, sanduku kubwa halikunipa tabu. Nililipima nyumbani kwa shangazi mara nne kwa mizani ya kuning'iniza, nikatoa, nikarudisha, mpaka likakaa kwenye 23. Begi la mgongoni ndilo lililobeba roho yangu. Ndani yake madodoso 180, kila moja kurasa nne za A4, yamejazwa kwa kalamu kando ya mitumbwi. Karatasi moja ni kama gramu tano, pigeni hesabu wenyewe: kilo tatu na gramu mia sita. Laptopu kilo mbili na ushee. Begi lenyewe likiwa tupu ni kilo moja. Hapo hatujagusa chaja, sweta, wala kile kifurushi cha korosho alichonichomekea shangazi dakika ya mwisho akisema "hizi si nzito". Kwa nini madodoso sikuyaweka kwenye sanduku kubwa? Aliyewahi kupotezewa sanduku hawezi kuuliza swali hilo.

Pale kaunta dada alipima sanduku, akalitupia jicho begi langu la mgongoni, akanipa pasi ya kupandia ndege na kunitakia safari njema. Begi halikugusa mizani. Nikaona mambo yamekwisha. Shangazi alikuwa bado nje na binamu yangu, nikawapigia simu nikawaambia nendeni tu, kila kitu safi. Wakaondoka.

Saa mbili baadaye, getini, tumeshapanga foleni, akatokea kijana na mizani mkononi.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Kijana hakupima watu wote. Alitembea na foleni akiangalia watu kwa macho, akawa anachomoa mmoja mmoja: "Dada, njoo pembeni." "Mama, samahani, lete hilo begi." Mbele yangu kulikuwa na baba mmoja mwenye suti, ana begi la magurudumu, juu yake mkoba wa laptopu, na mkono wa pili mfuko wa dukani wenye chupa mbili. Huyo akapita kama upepo, tena akaambiwa "karibu sana, bosi". Mimi mwenye begi la mgongoni lililochakaa, njoo pembeni. Nyuma yangu mama mmoja wa makamo, mtandio na baibui, naye njoo pembeni.

Begi langu likasoma 9.4. La mama likasoma 11.

Mama yule alikuwa anakwenda Muscat, binti yake amejifungua. Begi lote lilikuwa vitu vya mzazi: unga wa uji, pilipili manga, iliki, mdalasini, khanga mbili mpya. Kijana akamwambia ama alipie ama apunguze. Mama hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ya chini kabisa, "Baba, si ungeniambia kule mbele? Mwanangu alikuwa pale nje na gari."

Kijana hakuwa na jibu. Na mimi nimelitafuta jibu hilo siku tano sasa sijalipata.

Kwa sababu hebu fikirini. Sisi hatuendi uwanjani peke yetu. Mtu akisafiri anasindikizwa na nusu ya ukoo. Ukiambiwa kaunta kwamba umezidi kilo nne, unamwomba askari wa mlangoni vizuri, unatoka, unamkabidhi mjomba unga na viatu, unarudi. Hakuna kilichopotea, labda aibu kidogo. Lakini getini umeshapita ukaguzi, umeshagongewa pasipoti, mjomba yuko Tazara kwenye foleni ya magari. Hapo umebakiwa na njia mbili tu, pochi au pipa la taka. Mizani ni ileile na kilo ni zilezile, ila adhabu imekuwa kubwa zaidi kwa kuwa tu umecheleweshwa kuambiwa.

Mama aliacha mfuko wa unga juu ya kiti cha kusubiria, kilo nne kamili. Hakuutupa, aliuweka pale vizuri kama mtu anayemwachia jirani. Akasema alitwanga na kuchekecha mwenyewe.

Mimi? Kadi yangu ilikataa, na dola hamsini taslimu sikuwa nazo. Nikaenda chooni na khanga. Nikayagawa madodoso mafungu mawili, fungu moja tumboni, fungu moja mgongoni, nikajifunga khanga kwa nguvu kama mama aliyejifungua juzi, nikavaa sweta juu, jaketi juu ya sweta. Korosho mifuko ya jaketi. Nikarudi natembea kama roboti. Begi likasoma 5.2. Kijana akaniangalia, akaangalia tumbo langu, akatabasamu, akasema "pita dada". Alijua. Nilijua kwamba anajua. Na ndege haikupungukiwa hata gramu moja, maana kilo za begini zilihamia mwilini na zote zikaruka.

Sasa najua kuna watakaosema hapa chini kwamba sheria ni sheria na mimi ni mkaidi. Sawa, tusiwe watoto. Sababu za sheria nazijua. Makabati ya juu ya viti yametengenezwa kubeba uzito fulani na yana nafasi fulani. Begi la kilo 12 likikudondokea kichwani hutauliza tena kwa nini kulikuwa na kikomo. Wahudumu wanaumia migongo kwa kutunyanyulia masanduku. Na siku ya hatari mabegi ni balaa: tarehe 2 Januari 2024 pale Haneda, Tokyo, ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege ndogo ya walinzi wa pwani ikawaka moto, na watu wote 379 waliokuwamo kwenye ile kubwa wakatoka hai, wakiwa wameacha mabegi yao ndani. Mimi nikiwa na madodoso kifuani ningetoka vipi kwenye ile slaidi, sijui, bora nisifikirie.

Kwa hiyo kikomo kiwepo. Ila msiniambie kwamba kilo saba ni amri ya maumbile. Lufthansa wanakupa kilo 8. KLM kilo 12 kwa jumla, Kenya Airways nao 12. British Airways wanafika 23 kwa begi, sharti uweze kulinyanyua mwenyewe mpaka kabatini. Mashirika mengi ya Marekani hayapimi uzito kabisa, yanaangalia ukubwa tu. Na ndege zinazotumika ni zilezile za Boeing na Airbus. Tofauti ni uamuzi wa kila ofisi: nani alipie nini, na wapi.

Tena uroho wa mabegi ya mkononi hatukuuanzisha sisi abiria. Mwaka 2008 American Airlines walianza kutoza dola 15 kwa sanduku la kwanza la kwenda tumboni mwa ndege, wengine wakafuata. Watu wakafanya ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya, wakahamishia kila kitu juu. Halafu makabati yakajaa, halafu tukaambiwa sisi ndio wakorofi.

Huku Ulaya wamefika mbali zaidi. Ryanair tangu Novemba 2018 bila kulipia zaidi unaingia na kibegi kidogo cha kukaa chini ya kiti, basi. Na mwaka 2025 mkuu wao, Michael O'Leary, alitangaza hadharani, wala haoni haya, kwamba wafanyakazi watapata yuro 2.50 badala ya 1.50 kwa kila begi lililozidi watakalolikamata. Hebu sikia hiyo. Mpimaji analipwa kamisheni! Hispania mwaka 2024 waliyapiga mashirika matano ya bei rahisi faini ya jumla ya yuro milioni 179, sehemu kubwa kwa ajili ya hayo hayo ya kutoza mzigo wa mkononi, na mashirika yakapinga. Tena Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilishasema mwaka 2014 kwamba mzigo wa mkononi wenye ukubwa na uzito wa kiasi ni sehemu ya lazima ya safari, usitozwe nyongeza. Kinachobishaniwa tangu hapo ni hicho "kiasi".

Lakini nitasema kitu ambacho wengine hamtakipenda. Lile boksi la chuma la getini, lile ambalo begi linaingia au haliingii, mimi silichukii sana. Boksi halijui kama umevaa suti. Halisemi "karibu bosi". Ubaya unaanzia kwa anayeamua nani aende kwenye boksi na nani apite, hasa kama mwisho wa mwezi ana kamisheni yake.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii, na naombeni mniambie ninapokosea. Wapime, tena wapime kweli, ila wapime mapema na wapime kila mtu. Mizani kubwa iwekwe pale nje ya mlango wa kuingilia, mahali ndugu wanaposimama, mtu ajipime bure kabla hata ya kufika kaunta. Kaunta begi la mkononi lipande mizani kama sanduku linavyopanda, lifungwe lebo kwamba limepimwa. Yapo mashirika yanafunga lebo hizo tayari, si jambo la mwezini. Lenye lebo lisiguswe tena getini.

Najua ujanja mtakaoniambia. Mtu ataenda kaunta na begi la kilo sita, lile lingine amemshikisha rafiki pembeni, wakimaliza wanaunganisha. Najua kwa sababu nimefanya, Septemba iliyopita, na aliyenishikia anasoma hapa na ananyamaza kimya. Sawa, basi getini wakague tena, lakini kwa hesabu na si kwa macho. Kila mtu wa kumi, au kila mtu wa tano, suti au baibui. Hapo kijana wa mizani naye atapumzika, maana sidhani kama alifurahia kumwambia mama wa watu aache unga. Alikuwa ametumwa. Uso wake ulionyesha.

Niliketi viti vitatu nyuma ya yule mama. Ndege ilipotulia juu nikafungua khanga chooni, nikapumua, nikarudi na madodoso yangu mikononi kama mpishi na sinia. Nilipompita nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu, akayaangalia yale makaratasi akacheka mpaka akafunika mdomo. Baadaye nikampelekea korosho za shangazi, zote. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akapokea kwa ajili ya mzazi.

Dodoso namba 41 mpaka 60 zimekunjamana kwa jasho, wino umesambaa kidogo ila zinasomeka. Nimezitandaza juu ya hita ya chumba, mwenzangu wa chumbani anadhani nakausha samaki. Mnaokwenda nyumbani Desemba, mizani ya kuning'iniza ninayo, njooni mjipime kabla ya kuondoka. Bure. Viti vipo, chai mje na majani yenu.