Ritifaa: Alama Ndogo Yenye Kazi Kubwa

Wapo walimu wanaodai kuwa ritifaa, ile alama ndogo iandikwayo juu ya mstari, haistahili kupotezewa wakati katika somo la Kiingereza la shule ya msingi. Husema kwamba msomaji atafahamu tu. Sikubaliani nao, na nawasihi wanachuo wasiifuate hoja hiyo waendapo mazoezini.

Mtoto wa Pemba anaijua alama hii tangu alipojifunza kuandika "ng'ombe". Anafahamu kuwa "ng'oa" ni kutoa muhogo ardhini, ilhali "ngoa" ni matamanio au wivu. Jina la Ng'ombeni, kule Mkoani, likiandikwa bila ya alama yake halisomeki kama litamkwavyo. Yafaa mwalimu aanzie hapo.

Hata hivyo, abainishe mapema kuwa katika Kiswahili alama hii huonyesha sauti, bali katika Kiingereza ina kazi mbili: kuonyesha herufi zilizoachwa, kama "do not" inapokuwa "don't", na kuonyesha umilikaji. Kazi ya pili imezaliwa na ya kwanza, kwani Kiingereza cha kale kilikuwa na kiishio "es" cha umilikaji. Irabu ilipodondoka, alama ilikuja kushika nafasi yake.

Ugumu umo katika mpangilio. Kiswahili hutanguliza kitu: karafuu za mkulima, karafuu za wakulima. Umoja na wingi huonekana mwanzoni mwa neno. Kiingereza hutanguliza mwenye kitu, na wingi hukaa mwishoni. "The farmer's cloves" ni za mkulima mmoja. "The farmers' cloves" ni za wengi. Sikio halitambui tofauti hiyo. Jicho ndilo liionalo. Katika kisiwa cha karafuu, kujua gunia ni la nani si jambo dogo.

Basi mwalimu asiimbishe kanuni. Aulize: "Nani mwenye kitu?" Mwanafunzi aandike jina la mwenyewe kwa ukamilifu: "farmer", "farmers" au "children". Kisha atie alama. Mwisho aongeze "s", ila kama neno lina "s" ya wingi tayari. Kwa njia hii "children's" haimsumbui. Neno lisilomiliki kitu lisitiwe alama: "cloves" za sokoni hubaki "cloves". Na "its" humiliki bila ya alama, kama "his". "It's" ni kifupisho cha "it is" au "it has".

Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia Darasa la Tano. Mtoto aliyesoma "the triangles' sides" akadhani ni pembetatu moja, atakosa jibu ilhali hesabu anaijua. Kosa hilo litaandikwa katika daftari la Hisabati, lakini chanzo chake ni somo la lugha lililopuuzwa madarasa ya chini. Hapana budi tulizibe pengo hilo mapema.