Daftari la Wiki: Nozeli Arubaini na Nane

Jumamosi

Asubuhi ya leo mpwa wangu alinijia barazani na karatasi mkononi, akanieleza kwa adabu kwamba yeye na wenzake kumi na mmoja, wote wenye magari ya Subaru ya turbo, wameazimia kununua kwa pamoja nozeli kubwa za petroli; kwa kuwa muuzaji wa ng'ambo halegezi bei kwa anayeagiza seti moja, bali huilegeza kwa anayeagiza kumi na kuzidi, na nauli ya mzigo, ambayo humwelemea mtu mmoja, ikigawanywa kwa kumi na wawili huwa nyepesi. "Mjomba," akasema, "tumekuchagua uwe shahidi wa hesabu, kwa sababu wewe huna nozeli unayoingojea." Nikakubali, maana amana ya vijana ni amana kama nyingine.

Wengi wao hawakuwa wamezaliwa mwaka 1997, Colin McRae aliposhinda mbio za Safari kwa Subaru Impreza ya buluu. Lakini huihadithia siku hiyo kama waliosimama kando ya njia, vumbi likiwaingia machoni.

Jumatatu

Ili nisishuhudie nisilolijua, leo nimekwenda gereji kwa fundi wao, naye akanifafanulia kwa saburi. Nozeli ni mlango mdogo unaofunguliwa na sumaku ya umeme kwa amri ya kompyuta ya gari, na ukubwa wake hupimwa kwa kiasi cha petroli inachokipitisha kwa dakika moja ikiachwa wazi. Injini ikienda mizunguko 6,000 kwa dakika, kila silinda huvuta pumzi mara 50 kwa sekunde. Hivyo muda wote baina ya pumzi moja na ya pili ni milisekunde 20, na mafundi wenye hadhari hawapendi nozeli ikae wazi zaidi ya 16 kati ya hizo, yaani asilimia 80, kwani ikizidi hapo hukaribia kukosa wasaa wa kufunga, na kompyuta hukosa la kuamuru. Hiyo ndiyo sababu aliyeongeza nguvu ya turbo hulazimika kutafuta nozeli kubwa: hewa ikizidi na petroli isizidi, joto hupita kiasi, injini hugonga, na pistoni huweza kutoboka.

Akanionya kwamba nozeli kubwa ni madhara kwa mtu asiyeifahamisha kompyuta ukubwa wake mpya, maana itamwaga petroli kwa hesabu ya zamani, plagi zishike masizi, na oili ioshwe kutani mwa silinda. Niliporudi nilimtaka mpwa wangu aandike juu ya orodha, kwa herufi kubwa, kwamba fedha ya kurekebisha kompyuta haimo katika mchango. Kwa kuwa si haki mtu atoe akiba yake leo, kisha kesho agundue kwamba kile alichokinunua hawezi kukitumia.

Jumatano

Jioni kulizuka hoja. Je, nozeli zikifika tulipie kupimwa kwake, au tuamini karatasi ya muuzaji? Wawili waliona kwamba kupima ni israfu. Fundi akawajibu kuwa nozeli huwekwa juu ya bomba za kioo, zikafunguliwa kwa muda mmoja, na kila jicho likaona mafuta yamepanda wapi. Na kinachotafutwa hapo, kuliko ukubwa wa nozeli moja, ni kukaribiana kwa zote nne za gari moja. Nikakumbuka pishi ya wazee wetu, iliyokuwa vibaba vinne, na jinsi mwuza nafaka alivyohukumiwa kwa kibaba kilichopunguka, wala hakusamehewa kwa kile kilichofurika.

Kisha akasema neno ambalo sijaacha kulifikiri. Kihisi cha oksijeni kwenye bomba la moshi hunusa moshi wa silinda kadhaa uliokwisha kuchanganyika, hivyo huijulisha kompyuta wastani tu. Nozeli tatu zikitoa kwa ukarimu na ya nne ikiwa imeziba nusu, habari huonekana njema, na silinda ya nne huungua kimya kimya. Wale wawili waliinua mikono pamoja na wengine, ikapitishwa tupime.

Alhamisi

Nimekaa na vitabu vyangu, nikisoma habari za wafumaji na mafundi wenziwao wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao la ushirika Desemba 1844, nao walikuwa watu 28 tu, wakianza na unga, sukari, siagi na mishumaa. Nia yao ilikuwa bidhaa isiyoghushiwa na mizani isiyopunja, na kila mmoja alikuwa na kura moja. Kwetu Afrika Mashariki, wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunganisha vyama vyao mwaka 1933 ili wauze kwa sauti moja. Vijana wangu hawajasoma habari hizo. Lakini mama zao wamecheza upatu miaka mingi, na adabu ya fedha ya watu waliiona nyumbani.

Ijumaa

Baada ya sala tulikutana kufunga hesabu kabla ya kutuma fedha. Mweka hazina alisoma jumla, nayo ilitimia hadi shilingi ya mwisho. Watu wakataka kuondoka. Lakini katika orodha kijana mmoja, mdogo kuliko wote, alikuwa na deni la theluthi mbili, naye ameinamisha uso wala hasemi. Nikamkumbuka fundi na wastani wake. Nikaomba kila jina lisomwe peke yake, pamoja na risiti zake za simu.

Tulipofika jina la saba, mtu aliyeonekana amezidisha malipo, mwenyewe alishtuka: mara mbili yule mdogo alikuwa amempa fedha mkononi azitume kwa niaba yake, naye alizituma bila kuandika ni za nani. Jumla ilikuwa sahihi siku zote, na mtu mmoja ndani yake alikuwa akidhulumika. Mwenye jina la saba alimwomba radhi mbele ya watu, mweka hazina akafuta deni, na oda ya nozeli 48 ikatumwa kabla ya magharibi.