Kodi Iliyozidi Irudishwe kwa Mwenyewe

Mwalimu wa shule ya serikali wilayani Kyerwa ambaye jioni ameajiriwa pia kufundisha katika shule ya watu binafsi hukatwa kodi ya mapato na waajiri wote wawili. Hilo peke yake si kosa. Anayepata zaidi hana budi kuchangia zaidi gharama za shule, zahanati na barabara za nchi yake. Lakini namna kodi ya ajira ya pili inavyokatwa humwondolea mtumishi wa mshahara mdogo fedha ambazo sheria yenyewe haimdai. Na asipozidai, hazimrudii.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mtumishi mwenye ajira zaidi ya moja huchagua iliyo kuu. Mwajiri wa ajira hiyo hukata kodi kwa ngazi. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza kwa mwezi hazitozwi. Kinachozidi hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8, kisha asilimia 20 hadi 760,000, asilimia 25 hadi 1,000,000, na asilimia 30 kwa kinachosalia. Mwajiri wa pili hapandi ngazi hizo. Yeye hukata asilimia 30 tangu shilingi ya kwanza.

Tuchukue mfano. Mwalimu ana mapato ya shilingi 600,000 yanayotozwa kodi, baada ya kutoa mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii. Kodi yake ni 36,000. Jioni anapata 150,000 na kukatwa 45,000. Jumla amelipa 81,000. Lakini mapato yake yote ni 750,000, ambayo kodi yake halali ni 66,000. Amezidishiwa shilingi 15,000 kwa mwezi, yaani 180,000 kwa mwaka. Katika nyumba ya mwalimu wa Nkwenda au Kaisho hizo si fedha za kuchezea.

Linalotusikitisha zaidi ni kwamba mwenye mapato yanayozidi shilingi 1,000,000 katika ajira kuu hapotezi hata senti, maana asilimia 30 ndiyo hasa anayostahili kutozwa kwa kila shilingi ya ziada. Mzigo wa kodi iliyozidi humwangukia yule yule aliyelazimika kutafuta kazi ya pili kwa kuwa ya kwanza haimtoshi: mwalimu, muuguzi anayeshika zamu ya usiku katika hospitali ya dhehebu, karani anayeajiriwa na chama cha msingi kuandika hesabu msimu wa kahawa.

Kwa nini basi mtu asidai chake? Wengine wanaona haya. Waliokulia katika siasa ya Azimio la Arusha wanakumbuka kwamba mwaka 1967 Masharti ya Uongozi yalimkataza kiongozi kupokea mishahara miwili, na kwamba watumishi wa serikali wa ngazi za kati na za juu walihesabiwa miongoni mwa viongozi. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lililegeza masharti hayo, lakini haya ilibaki. Haya hiyo haina msingi kwa mtumishi aliyepata kibali cha mwajiri wake, na ambaye kazi yake ya pili haiibi saa za ile ya kwanza. Asiye na kibali akiombe kwanza. Anayewaacha wanafunzi saa nne asubuhi ili akafundishe kwingine hatumtetei.

Wapo pia wanaonyamaza kwa ujanja. Hao huwaambia waajiri wote wawili kwamba hiyo ndiyo ajira kuu. Katika mfano wetu, mwalimu wa namna hiyo angekatwa 36,000 tu, maana 150,000 za jioni ziko chini ya kiwango kinachotozwa, naye angekuwa amelikwepesha taifa shilingi 30,000 kila mwezi. Kwa hiyo msema kweli anazidishiwa na mdanganyifu anapunguziwa. Hali hii haiwezi kuachwa hivi hivi. Msema kweli akirudishiwa fedha zake bila kuzungushwa, udanganyifu utakosa kisingizio.

Njia ya kudai ipo. Mwaka wa mapato huanza Januari na kwisha Desemba. Ifikapo Januari inayofuata, kila mwajiri anatakiwa ampe mfanyakazi wake hati inayoonyesha kodi aliyomkata mwaka uliopita. Mtumishi hujumlisha mapato yake yote, huwasilisha ritani kwa Mamlaka ya Mapato kabla Juni haijakwisha, na huomba kwa maandishi arudishiwe kilichozidi. Akiwa anadaiwa kodi nyingine, kilichozidi chaweza kwanza kufidia deni hilo. Asilimbikize madai miaka na miaka, kwani sheria imeweka ukomo wa muda.

Hati ndiyo jiwe la njiani. Mwajiri anatakiwa kuipeleka serikalini kodi aliyoikata ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Anayekata asilimia 30 kila mwezi, kisha Januari akaona uzito kuandika karatasi moja, anastahili kuulizwa fedha hizo zimekwenda wapi. Wahasibu wa halmashauri nao wasidhani agizo hili ni la shule na hospitali za watu binafsi peke yake.

Ipo pia safari. Kyerwa ilitengwa na Karagwe kuwa wilaya kamili mwaka 2012, lakini makao ya mkoa yako Bukoba. Mwalimu wa Murongo anayeambiwa afike huko, kupitia Kyaka, kwa ajili ya fomu moja, hulipa nauli na kupoteza siku za kazi. Akirudishwa mara mbili, anaacha. Tunaiomba Mamlaka ya Mapato itenge siku maalumu kati ya Februari na Mei, Kayanga kwa watumishi wa Karagwe na Nkwenda kwa wale wa Kyerwa, na itume maofisa wenye uwezo wa kupokea madai na kuyaandikia risiti, si wa kugawa vipeperushi. Wakuu wa shule na maofisa utumishi wazitangaze siku hizo mapema. Nao watumishi waje na hati zote mbili, namba ya mlipa kodi na karatasi ya mshahara wa Desemba.