Waandishi wa programu, chungeni maneno: kisa cha "mtindio wa ubongo"

Wasomaji wangu, najua nimepotea wiki kadhaa. Leo sina habari za Linux wala za rununu mpya. Leo nataka tuzungumze juu ya maneno, na nitaanza kwa kukiri kosa, maana kosa lenyewe ni langu.

Miaka miwili iliyopita niliandika programu ndogo ya kusajili wanafunzi. Shule chache za upande wetu wa Migori zikaichukua, nami nikajiona fundi. Kwenye jedwali la wanafunzi niliweka safu moja iliyoitwa "mlemavu", jibu ni ndiyo au la. Ukibofya ndiyo, inafunguka menyu ya aina za ulemavu. Orodha ya menyu hiyo niliitoa wapi? Niliiokota mtandaoni kwa Kiingereza, nikaipitisha kwenye programu ya kutafsiri, nikaipanga kwa vichwa usiku mmoja huku chai ikipoa, nikalala. "Mtindio wa ubongo" niliutia chini ya kichwa "ulemavu wa akili". Hakuna aliyelalamika. Programu haikukwama hata siku moja. Kosa la namna hii halikuletei ujumbe mwekundu kwenye skrini.

Sasa sikilizeni. Dada yangu ameolewa Homa Bay, na kitinda mimba wake ana miaka minane. Ana hali ambayo madaktari huiita serebro palsi. Maana yake ni kwamba sehemu ya ubongo inayoongoza misuli iliumia, au haikukua sawasawa, mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Mikono ya mpwa wangu huenda inakotaka yenyewe, na ulimi wake huchelewa. Lakini mpe hesabu ya nauli! Tukisafiri naye kwa matatu kutoka Rongo, anajua chenji yetu kabla makanga hajamaliza kukunja noti vidoleni. Inabidi tu umngoje aitamke.

Dada alimpeleka shule ya karibu na kwake (sitaitaja). Mkononi alikuwa na ripoti ya kituo cha tathmini, kwa Kiingereza, na juu yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu: mtindio wa ubongo. Mwalimu mkuu hakuwa mtu wa kwetu, kwa hiyo walizungumza Kiswahili. "Mama, hapa imeandikwa mtindio wa ubongo. Sisi hatuna yuniti ya watoto wa shida za akili. Huyu mtafutie shule maalum." Dada akamshukuru. Ndiyo, akamshukuru, kwa kuwa mwalimu alizungumza kwa upole na lile neno lilisikika kama la daktari. Akamrudisha mtoto nyumbani, na mwaka mzima ukaenda hivyo.

Alipokuja kunisimulia, nilifoka. Nikamwambia huyo mwalimu hajui kitu. Kisha usiku nikafungua kodi yangu mwenyewe, na menyu yangu ilikuwa inasema yaleyale aliyoyasema mwalimu.

Neno hili lina tatizo gani? Linabeba mizigo miwili. Katika maandishi na mazungumzo utalikuta likimaanisha serebro palsi hapa, na pale likimaanisha ulemavu wa akili. Wapo watoto wenye serebro palsi ambao pia wana ulemavu wa akili, na wapo wengi wasio nao hata kidogo. Kwa lugha yetu sisi wa tarakilishi, hizo ni safu mbili tofauti za jedwali, na mimi nilizifanya moja. Nilisomea sayansi ya kompyuta miaka minne, nikafundishwa jinsi ya kupanga nambari milioni moja kwa haraka, lakini sikumbuki somo hata moja juu ya nani ana haki ya kuamua majina yatakayotiwa kwenye menyu inayohusu watu.

Na hapa sheria inaingia. Wengi hudhani sheria ni mambo ya Nairobi. Katiba ya 2010, ibara ya 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima na pia kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Jina lenyewe ni haki ya kikatiba! Ibara ya 260 inaeleza ulemavu ni nini, na ndani yake mna jambo ambalo sikulitarajia: hali inahesabiwa kuwa ulemavu hata ikiwa ni jamii ndiyo inayoiona kuwa na athari kubwa au ya muda mrefu kwa shughuli za kila siku za mtu. Yaani macho ya jirani nayo yamo katika tafsiri ya sheria. Safu yangu ya ndiyo au la ingewezaje kubeba hayo?

Halafu iko Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Kifungu cha 34 kinakataza shule kumbagua mtoto anayetafuta nafasi, na ulemavu umetajwa wazi miongoni mwa sababu zisizokubalika. Kuhusu mtihani, shule ya umma inaweza kumpima mtoto ili ijue darasa linalomfaa, si ili imnyime nafasi. Juu ya hayo kulikuwa na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2003, ambayo mwaka 2025 ilipisha sheria mpya yenye jina hilohilo. Dada yangu hakujua hata moja kati ya hizi. Angezijulia wapi? Zimeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili.

Basi nikajitia kazi ya kumtafsiria. Nikakutana na istilahi moja ambayo imenicheka mpaka leo. Katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, imo haki ya marekebisho. Mtu akihitaji kitu kibadilishwe ili naye ashiriki sawa na wenzake, kibadilishwe, mradi mzigo wake usipite kiasi. Kwa Kiingereza neno lao ni accommodation, ambalo pia ni neno la mahali pa kulala. Programu ya kutafsiri ikaniletea nini? "Malazi yanayofaa." Jamani! Mtoto anahitaji meza yenye ukingo ili daftari lisianguke, aongezewe muda wa kuandika, pengine ajibu kwa mdomo. Mzazi anasoma malazi. Ubaya ni kwamba kosa lenyewe linaaminika. Shule maalum nyingi tunazozijua ni za bweni. Ukitaja viziwi, mtu wa Rongo atakutajia Kuja na mtu wa Mbita atakutajia Lambwe, na kwa wasioona ni Kibos kule Kisumu. Kwa hiyo mzazi akisoma kwamba mwanawe ana haki ya malazi, hatashangaa hata kidogo. Atafunga sanduku la bati.

Mimi sasa naandika "marekebisho ya kumfaa mwanafunzi". Ni refu na halina mvuto, lakini ukilisoma unajua la kuomba.

Kuna maneno matatu mengine ambayo wazazi hupewa kana kwamba ni kitu kimoja. Shule maalum ni shule nzima. Yuniti ni darasa maalum ndani ya shule ya kawaida. Elimu jumuishi ni mtoto kukaa darasa lilelile na wenzake huku shule ndiyo inayojirekebisha. Sera ya serikali ya 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu iliegemea hilo la tatu. Mwalimu aliyesema "hatuna yuniti" alijibu swali ambalo mpwa wangu hakuwa ameliuliza.

Mnaopenda data, hebu tazameni hili. Sensa ya 2009 ilisema asilimia 3.5 ya Wakenya wana ulemavu. Sensa ya 2019 ikasema asilimia 2.2 ya wenye miaka mitano na zaidi. Je, watu walipona? Hapana, maswali yalibadilika. Mwaka 2019 watu waliulizwa kuhusu ugumu wa kufanya mambo: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, kuwasiliana. Waliohesabiwa ni wale waliosema ugumu ni mkubwa au hawawezi kabisa. Homa Bay ilikuwa karibu na kilele cha orodha ya kaunti, asilimia 4.3, nyuma kidogo ya Embu. Sasa niambie, ukiweka tarakimu za sensa hizo mbili kwenye grafu moja bila maelezo, utakuwa umeonyesha kitu gani?

Nilipotaka kusafisha programu yangu, nikakosea tena kwa upande wa pili. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba maneno kama kiziwi, kipofu na kiwete ni matusi kwa sababu yako kwenye ngeli ya ki-vi, ngeli ya vitu. Nikafanya tafuta-na-badilisha kwenye faili zote: kila "kiziwi" ikawa "mwenye ulemavu wa kusikia". Kazi ya sekunde mbili. Nikamwonyesha rafiki yangu ambaye ni kiziwi, tunaandikiana arafa. Jibu lake lilikuwa fupi: nani amekwambia nina haya na jina langu? Akanikumbusha kwamba hata Tanzania kuna Chama cha Viziwi, CHAVITA, na ni wenyewe waliojiita hivyo. Kwa upande mwingine, sijapata mtu anayetaka kuitwa taahira. Kwa hiyo hakuna kanuni moja ya kuandika kwenye kodi. Inabidi uulize, neno kwa neno, mtu kwa mtu, na hilo ni jambo ambalo sisi wa kompyuta hatulipendi.

Nitasema lingine ambalo huenda litawaudhi wazalendo. Vuka mpaka pale Isebania uingie Sirari, na utawakuta watu waliotutangulia. Tanzania ilipitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010, na mwaka 2021 ikaamua Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Maneno kama usonji, nukta nundu na elimu jumuishi yanatumika huko bila kigugumizi. Sisi tuna Kiswahili kama lugha ya taifa na lugha rasmi katika ibara ya 7, lakini ripoti ya mtoto inatoka kwa Kiingereza na mtu anaiongezea neno kwa kalamu. Tungeweza kuazima kwa majirani bila aibu, ila tusiazime kila kitu. Wao husema lugha ya alama, sisi tumezoea lugha ya ishara, na mtoto wa Kuja akisoma "alama" atafikiri ni za mtihani.

Wapo wanaoniambia nitengeneze app. Kila tatizo la kwetu dawa yake ni app! Sikatai, lakini app juu ya maneno mabovu itasambaza kosa haraka zaidi kuliko ile kalamu. Maoni yangu ni haya: orodha ya maneno itangulie. Iandikwe na wazazi, walimu wa vituo vya tathmini na wenye ulemavu wenyewe, kwa Kiswahili na Dholuo. Iwe faili la maandishi matupu ambalo mtu yeyote anaweza kulinakili, na kila neno liwe na maelezo ya sentensi moja na kifungu cha sheria kinachohusika. Nasi tunaoandika programu za shule tuichukue hiyo badala ya kuokota. Na ile safu ya "mlemavu, ndiyo au la" tuifute. Mimi nimeifuta. Mahali pake niliweka swali: mwanafunzi anahitaji nini ili asome? Walimu wawili wamenipigia simu kulalamika kwamba sasa wanalazimika kuandika sentensi nzima.

Mpwa wangu je? Mwezi wa kwanza tulirudi shuleni, dada na mimi, tukiwa na kifungu cha 34 kwenye karatasi na maelezo ya serebro palsi kwa Kiswahili, mistari sita. Mwalimu mkuu aliisoma mara mbili. Akamwita mtoto, akampa hesabu ya kutoa, akangoja. Akangoja kweli. Kisha akasema, "Mama, aje Jumatatu." Meza yenye ukingo ilitengenezwa na fundi wa jirani. Choo bado kina ngazi mbili, na kaka yake mkubwa ndiye humpandisha. Hilo tunaendelea nalo.

Faili langu lina maneno 38 kufikia jana usiku. Kwa Dholuo, rang'ol na muofu nilikulia nayo, lakini serebro palsi sijapata neno ambalo dada yangu anaweza kumwambia mama mkwe wake bila kuanza na hadithi ndefu. Kikuria sijui kabisa. Walio Kehancha, Mbita, Ndhiwa, au popote mlipo, kama nyumbani kwenu kuna neno ambalo mtoto mwenyewe analikubali, nitumieni pamoja na maelezo ya jinsi mnavyolitumia.