Tupime Mboga Zetu Kabla Mgodi Haujaanza

Ndugu zangu wa Bahi, Manyoni na Namtumbo, pamoja nanyi nyote mnaokula mchele, mlenda na mihogo ya huko, nawaomba mchango. Sichangishi fedha. Naomba fungu la mboga, udongo kidogo na chupa ya maji.

Ardhi ya wilaya hizi ina urani, na watafiti wa madini wamepita humo miaka mingi wakitoboa mashimo. Namtumbo mambo yamefika mbali zaidi: Julai 2025, mradi wa Mto Mkuju ulizindua mtambo wa majaribio wa kuchakata urani. Siku uchimbaji utakaposhika kasi, kijijini wataulizana kama mionzi kwenye mboga imeongezeka. Nani atajibu, ikiwa hatukujua ilikuwa kiasi gani mwanzoni? Mama humpeleka mtoto kliniki akapimwe uzito angali mzima, ili siku akipungua ionekane kwenye kadi. Mashamba yetu nayo yanahitaji kadi hiyo, na hatutaweza kuijaza kwa kurudi nyuma.

Wito huu usimtie mtu hofu. Hakuna chakula kisicho na mionzi asilia. Ndizi moja ina bekereli 15 hivi, yaani kila sekunde atomu kama 15 huvunjika ndani yake, na chanzo ni potasiamu. Mtu mzima hubeba mwilini bekereli 4,000 hivi za potasiamu hiyohiyo, na mwili huidhibiti wenyewe. Ya kufuatilia zaidi ni radiamu, inayozaliwa na urani udongoni. Tabia yake inafanana na ya kalisiamu, kwa hiyo mmea huinyonya, nasi tukiila, sehemu yake huenda kukaa mifupani. Kinachofika kwenye sahani hutegemea udongo, maji, aina ya zao, hata mbolea, maana mwamba wa fosfeti nao huwa na urani.

Kipimo cha mionzi hii hakifanyiki shambani. Kifaa cha mkononi hakiwezi kutambua kiasi kidogo namna hii. Maabara hukausha mboga, huisaga, huifunga kwenye chombo kisichopitisha hewa na kuiacha wiki 4 hivi, ili gesi ya radoni inayotokana na radiamu isitoroke bali ifikie uwiano nayo, ndipo huipima kwa kigunduzi cha miale ya gama. Ujuzi huo tunao nchini: Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania hupima vyakula vinavyoingia na kutoka nchini. Watafiti wa vyuo nao wameshapima udongo katika baadhi ya maeneo haya. Kazi iliyobaki ni kueneza upimaji huo shamba kwa shamba, msimu kwa msimu, nayo haiwezekani bila mkulima.

Basi wanakijiji, ipelekeni hoja hii kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Chagueni mashamba machache ya kudumu. Vuneni kilo 3 hivi za mboga mbichi, kwa kuwa sehemu kubwa ni maji yatakayokauka, na muioshe kama ya kupika. Chukueni udongo wa palepale na maji mnayomwagilia. Andikeni jina la shamba, tarehe na mbolea mliyotumia.

Mabwana shamba na walimu wa sayansi, simamieni uandishi huo. Wanafunzi wa fizikia na kilimo mnaotafuta mada ya utafiti, hii hapa. Madiwani, tengeni fungu la usafiri na gharama za maabara.

Nanyi mtakaopima, tunawaomba neno moja: matokeo yarudi kijijini. Yasomwe mkutanoni kwa Kiswahili chepesi na yabandikwe kwenye mbao za matangazo, yawe mazuri au ya kutia shaka. Mkulima aliyetoa mboga yake ana haki ya kujua kilichopatikana ndani yake kabla ya mtu mwingine yeyote.